Ujumbe Aliopewa Mtani

Nesi alitaka kunifukuza wodini, na haki alikuwa nayo. Yusuph alikuwa amepasuliwa tumbo siku chache tu zilizopita, na mimi nilikuwa nimesimama miguuni pake na kamba ya katani, nampima urefu kuanzia kisigino.

"Kafupi," nikasema kwa sauti, wodi nzima isikie. "Mluguru huyu sanda haimalizi. Kitambaa kitakachobaki nitashonea suruali."

Mama mmoja aliyekuwa akimlisha mumewe uji akaweka kijiko chini, akaniangalia kama mchawi. Nesi akaja mbio. Yusuph mwenyewe alikuwa ameishika bandeji kwa mikono miwili asicheke, na akashindwa, akacheka huku anakunja uso kwa maumivu.

"Muache, sista," akasema. "Ni mtani wangu, Mnyamwezi. Hawa hawajui kumtazama mgonjwa. Wamezoea kubeba mizigo."

Nesi akaniambia nyuzi zikifumuka nitazishona mwenyewe. Nikamwambia sindano ninayo.

Kwa asiyejua, Wanyamwezi na Waluguru ni watani tangu enzi za misafara, babu zetu walipokuwa wakipita hapa Morogoro na pembe za ndovu mabegani kwenda pwani. Mtani ana ruhusa ambayo ndugu hana. Anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako, kukukamatia kuku, na siku ya msiba kulala ndani ya kaburi likichimbwa na kugoma kutoka mpaka apewe jogoo. Hakuna wa kumkasirikia. Ukikasirika, wewe ndiye huna adabu. Wafiwa wanacheka katikati ya kilio, na hiyo ndiyo kazi yenyewe. Mimi, Gervas, nimeifanya kijijini Kinole tangu nilipostaafu reli na kuhamia kwa mke wangu, na naifanya vizuri, sijifichi. Yusuph ni zaidi ya mtani wa kabila. Shamba lake la mdalasini linapakana na letu, na hakuna asubuhi niliyopita pale bila kumuuliza kama bado yuko hai.

Kidonda kilipoanza kukauka, daktari aliyempasua akaomba kuonana na msemaji wa familia. Daktari huyo jina lake Jesca, binti mdogo, mpole wa sauti. Kwingine angeinuka mke. Kwa Waluguru jambo zito haliendi kwa mke wala kwa mtoto. Linakwenda kwa mjomba, kaka wa mama, kwa sababu mtu ni wa ukoo wa mama yake. Basi Mwanvita, mke wa Yusuph, akabaki kwenye benchi na kapu lake la vyombo. Mzee Dadi, mjomba, akainuka na bakora yake. Kwa kuwa sikio lake moja limekufa, akanivuta shati nikamsaidie kusikia.

Daktari akatuamkia, akatukalisha, akageuza kompyuta yake kidogo ingawa hatukuwa na la kusoma pale.

"Uvimbe tumeutoa," akasema. "Tumetoa na sehemu kubwa ya mfuko wa chakula. Lakini saratani ya tumbo ina tabia ya kutoroka. Kuna tezi ndogondogo za jirani tulizitoa tukazipeleka maabara. Baadhi zimekutwa nayo."

Akaeleza kwamba wanachukua mambo ya mgonjwa, uvimbe ulichimba kiasi gani, tezi ngapi zimeguswa, umri, kilo alizopoteza, damu yake ikoje, wanalinganisha kwenye kompyuta na watu wengi waliopasuliwa kabla yake. Kutoka hapo wanakadiria mbele.

"Kati ya watu kumi wenye hali kama ya Yusuph, wakimaliza dripu zote za dawa ya saratani zinazowekwa Dar, watano wanakuwa hai baada ya miaka mitano. Wasipomaliza, wanapungua. Wanne, pengine watatu."

Nikamrudia Mzee Dadi maneno hayo sikioni, polepole. Kisha akauliza swali ambalo hata mimi nilikuwa nalo mdomoni.

"Mjukuu wangu, Yusuph ni yupi katika hao kumi?"

"Sijui, babu."

"Na mashine haijui?"

"Haijui. Inajua kundi, haimjui mtu."

"Basi ni kama wale wa redio na mvua yao."

"Ni kama wale," akasema, wala hakuudhika. "Wakisema mvua inakuja Morogoro, hawasemi itanyesha kwa nani. Lakini wewe ukisikia unaanua mpunga wako. Hizo dripu ndiyo kuanua mpunga." Akafunga kompyuta. "Mgonjwa nitamweleza mwenyewe leo jioni. Nilitaka familia mjue."

"Hapana," akasema Mzee Dadi. "Mpwa wangu nitamwambia mimi. Kwetu ndivyo ilivyo."

Daktari akafikiri, akasema sawa, lakini aambiwe kweli yote, kwa sababu dawa ni ngumu na mtu asiyejua kwa nini anaitumia huiacha. Mzee Dadi akaitikia. Mimi nilikuwa shahidi.

Tulipotoka nje Mwanvita alikuwa ameshasimama. "Wamesemaje, mjomba?"

"Uvimbe wameutoa wote," akasema mzee. "Amepona. Zimebaki dripu za kusafisha tu."

Nikamwangalia. Yeye akaangalia bakora yake. Mdomo wangu huu unaosema hata usipoulizwa, siku hiyo ukagoma.

Yusuph akarudi Kinole akiwa amepungua, lakini mzima, na nyumba ikajaa. Kila aliyekuja alisema umepona, Alhamdulillahi, na yeye akawaonyesha kovu. Mwanvita akajifunza kumpikia upya. Mtu aliyetolewa mfuko wa chakula hali sahani nzima. Anakula vijibakuli, mara sita kwa siku, na akizidisha utamu anatoka jasho na kushikwa na kizunguzungu. Mwanvita alikuwa anaponda ndizi, anachemsha yai, anasimama pale mpaka bakuli liishe. Mimi nilimwita Yusuph kifaranga. Alifurahi.

Dripu ya kwanza alikwenda Dar kwa treni ya umeme, akarudi mzima. Siku ya tatu dawa ikamshika. Alitapika mpaka nyongo, mdomo ukatoka vidonda, vidole vikawa vinachoma akigusa maji ya baridi, na maji ya Kinole hayajawahi kuwa ya moto. Alipoinuka kitandani akasema basi.

"Kidonda kimepona, uvimbe umetoka, kila mtu anasema nimepona," akaniambia. "Ninywee sumu ya nini?"

Siku ya dripu ya pili ikafika, hakwenda. Daktari akampigia simu Mzee Dadi. Akapiga tena. Mara ya tatu mzee aliniletea simu niisikilize, na sauti ya yule binti haikuwa tena ya upole sana. Alisema Yusuph bado anapokelewa Jumatatu ijayo, akichelewa zaidi ya hapo dawa haitafanya kazi inayotakiwa. Akauliza moja kwa moja: "Babu, alishaambiwa?"

"Anajua," akasema Mzee Dadi, akakata.

Nilimfuata nyumbani kwake siku hiyohiyo. Alikuwa barazani anakwangua maganda ya mdalasini, kisu kinakwenda na kurudi, kama vile hakuna kilichotokea duniani. Sikumwamkia vizuri. Nilimwambia wazi kwamba anamuua mtu kwa kunyamaza.

Aliendelea kukwangua mpaka fimbo ikaisha.

"Wewe umekaa hapa miaka yote hii hujui mjomba ni nani?" akasema. "Nimezika wapwa wawili. Yule wa pili alipokufa, watu waliacha kunywa maji nyumbani kwangu. Hakuna aliyesema neno. Hawakunywa tu." Akaweka kisu chini. "Sasa niende kwa Yusuph nimwambie, mpwa wangu, wenzako kumi, watano wanakufa. Halafu afe. Watasema nini? Watasema nilimtamkia. Mjomba ndiye anayekula watu, Gervas. Huko kwenu labda ni jirani. Huku ni mjomba."

"Kwa hiyo afe kimyakimya, wewe upone."

"Nimekwenda mpaka mlangoni kwake," akasema. "Nimerudi." Macho yalikuwa yamemjaa maji, na mimi sikujua niyaangalie au nisiyaangalie. "Mwambie wewe. Wewe unamtamkia kifo kila siku ya Mungu, na hakuna aliyewahi kukuuliza. Mtani hashtakiwi."

Nikamwambia ananitwisha mzigo kwa sababu babu yangu alikuwa mpagazi.

Hakucheka. "Ndiyo," akasema. "Ubebe."

Nikaubeba. Niliona hata ni rahisi, nisiwe mwongo. Njia nzima nilikuwa napanga, na kufika kwa Yusuph nilikuwa nimeiva. Alikuwa uani na kijibakuli chake, Mwanvita anachambua mboga.

"Wewe nusu tumbo," nikasema, "bado hujafa? Nimetoka kuongea na daktari wako. Anasema mko kumi katika mashua yenu, watano mnazama. Nimemwomba akutangulize, maana shimo nimeshaanza kulichimba, na mgongo unaniuma."

Yusuph akaweka bakuli pembeni kwa usalama wake.

"Hiyo ni ukimaliza dripu," nikaendelea. "Ukiziacha wanazama sita, labda saba. Ndiyo maana sikulazimishi, kaka. Ziache. Kwangu mimi kila kaburi ni jogoo."

Alicheka mpaka akashika kovu. Mwanvita naye, kichwa chini kwenye mboga, mabega yanatikisika. "Shemeji, wewe utakuja kuungua," akasema.

"Ni kweli lakini," nikasema. "Hayo ni maneno ya daktari kabisa. Naapa."

Hapo ndipo walipocheka zaidi.

"Mtani, wewe umenizika mara ngapi?" Yusuph akasema akijifuta macho. "Nilipougua malaria ulikuja na jembe. Nilipoanguka mgombani ulikuja na maiki ya msikiti, sijui uliipata wapi. Leo umeniletea na hesabu." Akamwambia Mwanvita anikatie chane la ndizi, kwa sababu huo ulikuwa utani wa kiwango cha juu.

Nikarudi nyumbani na ndizi mkononi. Nimekuwa mtu wa hasira maisha yangu yote, lakini sikumbuki kujikasirikia namna ile. Nilikuwa nimesema kila kitu. Sikuacha hata tarakimu moja. Na mwanamume yule alikuwa amecheka, na alikuwa na haki ya kucheka, kwa sababu mimi ndiye niliyemfundisha.

Asubuhi nilivaa shati la kanisani, nikaenda. Mtani hapigi hodi, anaingia na kuuliza nyama iko wapi. Nikapiga hodi.

Mwanvita akatokeza kichwa, akaniangalia mimi na shati langu, akasogea nipite. Yusuph alikuwa amekaa kwenye mkeka.

"Habari za asubuhi, Yusuph," nikasema.

Mkono wake ukasimama kati ya bakuli na mdomo. "Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa."

"Umepiga hodi. Umeniita jina." Alikuwa amebadilika uso. "Gervas, nani amekufa?"

Naye akawa ameniita jina. Tukawa kama watu wawili waliokutana ofisini kwa mtu. Nikakaa chini, nikamwambia. Nilimwambia tezi, nikamwambia kumi, nikamwambia watano wakimaliza na watatu au wanne wasipomaliza, nikamwambia Jumatatu. Nilisema vibaya, nikirudiarudia, kwa sababu mimi kusema bila mzaha sijui. Nilikuwa kama mtu anayetembea bila kiatu kimoja.

Mwanvita ndiye aliyesema kwanza.

"Haya ndiyo uliyosema jana."

"Ndiyo, shemeji."

"Na mimi nikacheka." Kisha sauti ikampanda. "Mimi ninayempikia mara sita. Ninayeamka kumshika kichwa akitapika. Mimi naambiwa mwisho, tena naambiwa nicheke. Mke wa mtu kwenu ni kitu gani, niambieni?"

Yusuph alikuwa anaangalia mlango.

"Mjomba alijua."

"Alijua. Alifika hapo mlangoni kwako akarudi. Anaogopa watu watasema amekula."

Yusuph akafikiri. "Wangesema," akasema. "Hata mimi ningesema."

Kuku akaingia, Mwanvita akamfukuza kwa kanga. Yusuph akainua vidole vyake, vile vilivyokuwa vinachoma, akavitazama.

"Tofauti ni watu wawili," akasema. "Mmoja na nusu. Nitapike miezi kwa ajili ya mtu mmoja na nusu?"

Hapo hasira ikanipanda kweli. "Huyo mmoja ana mke," nikamwambia. "Ana mdalasini unaopakana na wangu. Wewe unamdharau kwa sababu humjui bado."

"Na naweza nikatapika yote, nikamaliza yote, na bado nikawa upande wa wanaokwenda."

"Unaweza."

"Mashine hainijui."

"Haikujui," nikasema. Nilitamani kumdanganya, lakini nilikuwa nimeacha uongo wangu wote nyumbani na zile ndizi.

Akaniangalia. "Sasa wewe unalilia nini?"

Nilikuwa sijui kama nalia. Nikajipangusa kwa mkono wa shati la kanisani, na kwa kuwa siku yenyewe ilikuwa imeshaharibika, nikamwambia na hilo.

"Jana nilipotoka hapa nilijaribu kupanga maneno ya msiba wako," nikasema. "Nitaingiaje, nitaanzia wapi, nitamdai nani jogoo. Ndiyo kazi yangu, nitafanya nini. Nimewapangia wengi, hata ambao siwajui. Nimelala chali mpaka alfajiri. Sikupata kitu. Ukifa, Yusuph, nitasimama pale mbele ya watu wote nimekauka. Naogopa. Ndiyo hiyo."

Mwanvita alikuwa amejifunika mdomo na kanga.

"Hata neno moja?" Yusuph akauliza.

"Hata moja."

"Wewe."

"Mimi."

Akachukua bakuli lake, akakomba kijiko cha mwisho, akakimeza kwa shida, kama anavyomeza kila kitu siku hizi.

"Mwanvita, nitolee begi," akasema. "Jumatatu nakwenda. Siwezi kuzikwa watu wamekaa kimya kama kwa Wazungu."

Jumatatu alfajiri gari la kwenda mjini lilitusubiri sokoni, lakini Yusuph hakulipanda. Alipanda mlima mpaka kwa Mzee Dadi. Alikuwa mdhaifu, kila hatua kadhaa anasimama kushika miti, na hakutaka mtu amsaidie. Waliposhuka walikuwa wameshikana mikono, mjomba na mpwa, wakapita katikati ya soko lote, mbele ya wauza ndizi, mbele ya mafundi, mbele ya wanawake wanaotoka mtoni. Kwenye banda la chai Yusuph akaomba maji, akampa mjomba anywe kwanza, kisha akanywa yeye kikombe hichohicho. Soko zima likatazama. Mzee Dadi akatazama chini mpaka tulipoingia garini.

Mjini, stesheni ya Kihonda, tukapanda treni. Mimi miaka yangu yote relini sikuwahi kuona treni isiyotoa moshi ikiondoka kwa wakati, na siku nyingine ningekuwa na mengi ya kusema. Mwanvita alikuwa na chupa ya uji mapajani, Mzee Dadi karibu na dirisha, Yusuph mkabala nami, rangi yake mbaya. Alijua kinachomsubiri kule, na kwamba wiki nzima baada ya hapo haitakuwa ya binadamu.

Tulipokuwa tunapita Ngerengere akaninyooshea mguu, akanigusa goti.

"Mtani," akasema. "Nasubiri hilo neno moja."

Nikajaribu.